Kimulimuli anawaka, anang'aa au anamulika?

Mama mmoja wa Morogoro kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Mwanangu wa darasa la nne kaandika 'vimulimuli wanawaka usiku', mwalimu kakata na kalamu nyekundu kaandika juu yake 'vinang'aa', anasema kuwaka ni kwa moto na taa tu. Nani kakosea?"

Dada, mtoto yuko sawa, tena sawa mara mbili. Kwanza hiyo "wa-", kimulimuli ni mdudu, ana uhai, kwa hiyo ni kimulimuli anawaka, vimulimuli wanawaka, kama tunavyosema kiboko analala, hatusemi kinalala. "Vimulimuli vinawaka" ipo ila hapo unaongelea zile taa za juu ya gari la polisi au ambulensi.

Sasa kitenzi. Mi kipimo changu ni kimoja tu: kinazima? Kikizima basi kinawaka. Taa inawaka inazima, moto hivyohivyo, hata simu. Sufuria iliyosuguliwa inang'aa, ikikaa inafubaa, haizimi. Na kimulimuli kila mtu aliyewahi kumkimbiza utotoni anajua anavyofanya, anawaka anazima, anawaka anazima, mpaka unamkosa. Ni madume wanaita majike, na kila aina ina mpigo wake wa kuwaka.

Mwalimu atasema moto uko wapi, na ni kweli haupo. Tumboni mwa yule mdudu kuna kemikali inaitwa lusiferini, inakutana na oksijeni, na kimeng'enya kinachoitwa lusiferasi ndo kinachochea, mwanga unatoka karibu bila joto kabisa ndo maana ukimshika hakuunguzi. Lakini kuwaka kwa Kiswahili hakujawahi kudai joto, Kenya mtu akilewa wanasema amewaka na hakuna anayeita zimamoto. Kinachodaiwa ni kwamba mwanga unatoka kwake mwenyewe. Watu wa viwanda vya chakula wanautumia huohuo, wanapangusa meza na kijiti cha pamba, wanachanganya na lusiferini na lusiferasi, kama kuna mabaki ya chakula au bakteria basi mchanganyiko unawaka, na uchafu ukizidi na mwanga unazidi. Unawaka, sio unang'aa.

Kung'aa tuwaachie wanaorudisha mwanga wa mwenzao. Mwezi unang'aa kwa mwanga wa jua. Macho ya paka yanang'aa ukiyapiga tochi, kwenye giza totoro huyaoni. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa yavuyavu, yule kiumbe wa baharini laini kama jeli, wa Marekani anaitwa Aequorea victoria, maana huyu mmoja anafanya vyote viwili. Mjapani Osamu Shimomura, miaka ya 1960 mwanzoni, alitoa kwake protini mbili: moja inawaka bluu yenyewe ikikutana na kalsiamu, ya pili haina mwanga wake, inapokea ule wa bluu inautoa kijani. Hiyo ya pili ndo iliyompa Nobel ya kemia mwaka 2008 pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien, kwa sababu wanasayansi wanaipandikiza kwenye seli, hata kwenye vimelea vya malaria, halafu wanavimulika kwa mwanga wa bluu kwenye hadubini na kuona vimelea vimekaa wapi. Vinang'aa, ila vikimulikwa.

Na hapo umeshaiona kumulika, ni kuelekeza mwanga kwenye kitu kingine, lazima kuwe na mmulikwaji. Methali inasema mulika nyoka, anzia miguuni pako, haisemi mulika tu ukaishia hapo. Kimulimuli kapewa jina kutokana na kitenzi hichohicho ila mwenyewe hamuliki kitu, anajionyesha. Wanajeshi wa Kijapani kwenye vita ya pili ya dunia ndo waliomulika kweli, walikuwa na unga wa vijidudu vya baharini vilivyokaushwa, wanaulowesha kiganjani, unawaka, wanamulikia ramani bila kuwasha tochi ambayo adui angeiona.

Kwa hiyo alama za mtoto zirudi. Na mvuvi akikwambia usiku wa giza alipiga kasia bahari ikawaka, usimrekebishe, kuna viumbe wadogo humo majini wanaowaka kila wakitikiswa.