Kabla hujafunga bomba la plastiki kwenye hita

Mafundi wengi wa Mtwara na Lindi tumehamia kwenye plastiki, na sioni sababu ya kurudi nyuma. Hewa ya chumvi ya pwani inatafuna chuma. Bomoa ukuta wa nyumba ya zamani Mikindani uone bomba la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, lilivyobaki maganda ya kutu. Plastiki haina shida hiyo. Shida inaanza tunapoipeleka kwenye hita ya maji kana kwamba tunaipeleka kwenye koki ya bustani.

Plastiki si moja. PVC ni ya maji baridi, basi. Maji yakifika nyuzi 43 za Selsiasi, bomba hilo linabaki na karibu nusu ya uwezo wake wa kuhimili presha. Yakifika 60 linabaki na kama robo tu, na 60 ndiyo joto la kawaida la hita ya nyumbani. Usilifunge upande wa moto hata mwenye nyumba akikuambia bajeti imeisha. Bora bafu lisubiri.

Kwa maji ya moto wengi wetu tunatumia PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuchomea. Nalo lina madaraja ya presha, yanayoandikwa PN. PN10 liache kwenye maji baridi. Upande wa moto nafunga PN20 au zaidi. Na ile 20 ni presha kwa bar, kipimo cha presha, maji yakiwa na joto la nyuzi 20. Maji yakifika nyuzi 70 muda wote, uwezo huo unashuka chini ya nusu. Mabomba mengi ya moto yana mstari mwekundu, lakini mstari usikutoshe. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe kabla hujatoa hela dukani.

Sasa tuje kwenye hita. Plastiki isiguse mdomo wa hita. Hapo ndipo joto linapokuwa kali zaidi, na swichi ya joto ikigoma kukata, maji yanapita nyuzi 70 haraka. Kanuni za mabomba zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinakataza bomba la PEX, ambalo nalo ni plastiki ya maji ya moto, kufungwa moja kwa moja kwenye hita: ziwepo kwanza inchi 18 za chuma, takriban sentimita 45. Mimi nafuata kipimo hicho hata kwa PPR. Natoka kwenye hita na bomba la shaba au hosi ya chuma iliyosukwa inayohimili maji ya moto, kisha yunioni, kiungo kinachofunguka, kisha kiungo cha PPR chenye nyuzi za kukazia za brasi. Usikaze nyuzi za chuma ndani ya nyuzi za plastiki tupu. Siku ya kwanza itashika, joto likipanda na kushuka itapasuka.

Hita za sola zinahitaji ukali zaidi. Zile za mirija ya kioo, jua la Lindi likiwaka na nyumba haina wageni, maji yanaweza kufika kiwango cha kuchemka. Huko juu ya paa PPR haifai kabisa. Tumia shaba mpaka kwenye valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi, ndipo uanze plastiki.

Jambo linaloninyima usingizi ni valvu ya usalama, ile inayotoa maji presha ya hita ikizidi. Niliitwa kwenye nyumba ya wageni Masasi, msimu wa korosho, vyumba vimejaa. Mama mwenye nyumba akanionyesha: "Mwanangu, hiki kidude kilikuwa kinadondosha maji ukutani, nikamwambia kijana akizibe." Kilikuwa kimezibwa kwa plagi na tepu, kimekazwa sawasawa. Nilizima umeme kabla sijamjibu.

Kile kidude lazima kidondoshe. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70 yanaongezeka kama asilimia 2. Hita ya lita 100 inatafuta nafasi ya lita 2 za ziada. Valvu nyingi za hita hizi zinazuia maji kurudi kwenye simtanki, kwa hiyo ziada hiyo inatokea hapo tu. Ukiziba, presha yote inabaki kwenye tanki la hita na viungo vyako vya plastiki. Swichi ya joto ikifa siku hiyo hiyo, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tanki likipasuka, sehemu yake inageuka mvuke kwa mara moja, na kila lita ya maji inayogeuka ni zaidi ya lita 1,500 za mvuke. Ukuta hauzuii kitu hicho. Mama hakuhitaji plagi. Alihitaji bomba la shaba la kushusha yale matone hadi kwenye mtaro, mdomo ukiwa wazi, mahali ambapo watu wanauona na hakuna mtoto anayepita chini yake.

Kuchomea PPR wengi mnakujua: nyuzi 260, sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa la 25, sukuma wima bila kuzungusha. Ukizidisha, plastiki inaingia ndani na kuziba njia. Umeme ukikatika katikati, usimalizie na pasi ya kuchomea inayopoa. Na PPR inarefuka: mita 10 zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka sentimita 6. Bomba lililo wazi ukutani liachie kona ya kuchezea, na ulifunike, jua linaliharibu.

Usipime kazi kwa simtanki peke yake. Mnara wa mita 4 unatoa kama bar 0.4, karibu kila kiungo kibovu kitapita. Mwakani mwenye nyumba ataweka pampu ya kuongeza presha, na maji yatatokea kwenye vigae. Pima kwa pampu ya mkono kabla ya lipu, mara moja na nusu ya presha utakayotumia.

Halafu washa hita, acha ipashe na ipoe siku kadhaa, urudi na karatasi kavu ya chooni. Gusisha kila yunioni. Jicho linaweza lisiuone unyevu, karatasi itaunasa.