Marekani hakuna viti maalum: majibu kwa mnaotuuliza kuhusu wanawake na siasa za huku

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, ujumbe kutoka nyumbani huja na maswali yaleyale mawili. La kwanza: mbona taifa hili halijapata rais mwanamke hadi leo, ilhali Tanzania ilimwapisha Samia Suluhu Hassan Machi 2021? La pili huulizwa na dada zetu wenye ndugu huku, au wanaojiandaa kuja: mwanamke mhamiaji anaweza kugombea, au siasa ni za wenyeji tu? Tutayajibu bila kupamba, na majibu yenyewe yanaanzia chini kwenye majimbo, mbali kabisa na Ikulu ya Washington.

Huku hakuna viti maalum. Hakuna Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti kama Kenya, wala orodha ya chama inayopelekwa tume kama Tanzania. Kila kiti kinagombewa, eneo kwa eneo. Majimbo 50 yana mabunge yake yenye viti zaidi ya 7,300 kwa jumla, na wanawake wanashikilia takriban theluthi moja. Theluthi hiyo haikutawanyika sawasawa. Nevada ilikuwa jimbo la kwanza kuwa na wabunge wanawake wengi kuliko wanaume, mwaka 2019, na New Mexico imefika hapo mwaka 2025. Ukienda West Virginia, mwanamke hafiki hata mmoja kwa kila wabunge sita.

Penye mgawo wa kijinsia ni ndani ya vyama, siyo bungeni. Kamati ya Taifa ya Republican huchukua watu watatu kila jimbo: mwenyekiti wa chama wa jimbo, mjumbe mmoja mwanamume na mjumbe mmoja mwanamke. Democratic wana kanuni kwamba wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa wagawanywe sawa kati ya wanawake na wanaume. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na sauti kubwa kwenye kamati na mikutano ya chama kwa miaka mingi, na bado jina lake lisionekane kwenye karatasi ya kura. Hilo wengi wa nyumbani hawalijui, na ndiko wanawake wengi wa huku wanakoishia.

Kuhusu urais: Hillary Clinton mwaka 2016 alipata karibu kura milioni 3 zaidi ya Donald Trump nchi nzima, akashindwa, kwa sababu rais huamuliwa na wajumbe wa uchaguzi wa kila jimbo. Kamala Harris akashindwa 2024. Tukumbuke pia kwamba Samia alikuwa makamu wa rais John Magufuli alipofariki. Njia ya namna hiyo ipo huku katika majimbo: Kathy Hochul alikuwa naibu gavana wa New York, akawa gavana Agosti 2021 Andrew Cuomo alipojiuzulu, kisha 2022 akachaguliwa kwa kura. Na Virginia, Novemba 2025, wagombea ugavana wa vyama vyote viwili vikubwa walikuwa wanawake: Abigail Spanberger akamshinda Winsome Earle-Sears, mhamiaji aliyezaliwa Jamaika. Wapiga kura hawana shida na mwanamke kwa kiwango ambacho watu hudhani. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kuwa wanawake wanaogombea hushinda kwa kiwango kinachokaribiana na cha wanaume. Wanaopotea, wanapotea kabla jina halijafika kwenye karatasi.

Tazameni New York. Anayetaka kugombea Bunge dogo la jimbo kupitia chama anahitaji sahihi 500 za wanachama wa chama chake walioandikishwa katika eneo lake. Seneti ya jimbo ni 1,000. Zinakusanywa katika dirisha la siku 37, mara nyingi bado ni baridi kali, mlango kwa mlango. Kila mstari wa karatasi una tarehe, sahihi, jina na anwani. Chini kabisa shahidi, yaani aliyeishika karatasi hiyo, huandika idadi ya sahihi na kutia yake. Sasa makosa: aliyetia sahihi kumbe ameandikishwa chama kingine. Au amekwishamtilia mgombea mwingine wiki iliyopita, na inayohesabika ni ile ya kwanza. Au nje ya Jiji la New York ameandika jina la kijiji chake badala ya mji unaotambuliwa kisheria. Au tarehe imefutwa na kuandikwa upya bila herufi za kwanza za jina pembeni kuthibitisha. Mpinzani hupeleka pingamizi mstari kwa mstari, akiwa na wakili. Ndiyo maana wenye uzoefu hawarudishi sahihi 500. Hurudisha mara mbili au tatu ya hizo. Shahidi naye, asipokuwa notari, lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa katika chama hichohicho, kwa hiyo usimkabidhi karatasi binamu asiye raia hata kama ndiye anayejua kila mlango wa mtaa.

Majimbo mengine ni mepesi zaidi. Texas, fomu ya Baraza la Wawakilishi la jimbo ni dola 750, au sahihi 500. Minnesota ni dola 100. Wengine wakisikia hivyo hudhani kazi imekwisha, kumbe Minnesota kazi huanza miezi kabla ya fomu. Februari ya mwaka wa uchaguzi, jioni, vyama hufanya vikao vya mitaa katika madarasa ya shule na kumbi za jamii. Unaingia, unaandika jina na anwani, unakaa na majirani wa eneo lako la kupigia kura. Mara nyingine ni watu sita tu. Mnachagua mwenyekiti wa eneo na wajumbe wa mkutano unaofuata. Wajumbe hao ndio watakaompigia kura mgombea anayetaka baraka za chama, na kwa Democratic wa Minnesota, wanaoitwa DFL, anahitaji asilimia 60 ya wajumbe. Mwanamke anayefika na dada kumi, mashangazi na majirani waliokubali kukaa hadi mwisho wa kikao ameshapata wajumbe ambao mpinzani wake atawatafuta kwa miezi. Kosa linalorudiwa na watu wetu ni kujaa ukumbini saa ya hotuba, kisha kuondoka kabla ya uchaguzi wa wajumbe kwa sababu watoto wana shule kesho.

Baraka za chama zikikosekana, mchujo wa Agosti bado upo, yaani kura ambayo wapiga kura wenyewe humchagua mgombea wa chama. Mwaka 2016, katika eneo la 60B la Minneapolis, mkutano wa chama uliisha bila mgombea kufikisha asilimia 60. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kambini Kenya kama mkimbizi, akaenda kwenye mchujo na kumshinda Phyllis Kahn, mwanamke mwenzake aliyekuwa bungeni tangu 1973. Kwa kuwa eneo hilo ni ngome ya chama, mchujo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Miaka miwili baadaye akachaguliwa Bunge la taifa. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, naye akachaguliwa Bunge la jimbo hilohilo la Minnesota.

Anayekaa kwenye kiti huku ni mgumu kumng'oa. Mbunge wa jimbo anayetetea kiti hushinda kwa zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Omar ni mfano wa kipekee; wengi waliofanikiwa waliingia kiti kilipoachwa wazi. Nevada ina kikomo cha miaka 12 kwa kila baraza, kwa hiyo viti hufunguka, na kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, madiwani wa kaunti humteua wa kukijaza. Ni uteuzi wa namna hiyo, Desemba 2018, uliowafikisha wanawake 32 kati ya wabunge 63. Dada anayetaka kugombea aanze kwa kuuliza nani anastaafu, nani anahamia Seneti, nani muhula wake unaisha kisheria.

Halafu kuna mshahara, na hapa tuseme ukweli wote. New Hampshire humlipa mbunge dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba yao tangu 1889. Texas ni dola 7,200 kwa mwaka na posho ya siku za vikao. New Mexico hakuna mshahara kabisa, posho tu. Nevada hulipa siku 60 za kwanza za kikao cha siku 120. Mtaona majimbo mawili kati ya hayo ndiyo tuliyotaja kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Kwa maoni yetu, malipo duni hayawafungii nje wanawake wote. Yanachuja ni mwanamke gani anaweza kuingia. Mstaafu mwenye pensheni anaweza. Mwenye mume mwenye kipato kizuri anaweza. Muuguzi wa zamu za usiku mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba, ambaye ndiye mwanamke wa kawaida katika jamii zetu za huku, hawezi kuacha kazi miezi minne. Kuna nafuu moja: mwaka 2018 Tume ya Uchaguzi ya taifa ilimruhusu mgombea wa Bunge la taifa, Liuba Grechen Shirley wa New York, kulipia malezi ya watoto kwa fedha za kampeni, na majimbo mengi yakafuata kwa chaguzi zao. Anayegombea aulize kanuni ya jimbo lake kwa maandishi kabla ya kumlipa yaya.

Sasa fedha, na hili linawahusu ninyi mlioko nyumbani moja kwa moja. Msitume mchango. Sheria ya taifa inakataza mtu asiye raia wa Marekani wala mkazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wowote huku, hata wa baraza la shule. Harambee ya Nairobi au Dodoma kwa ajili ya binti yenu inaweza kumpeleka mahakamani. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, anaruhusiwa kuchangia fedha zake mwenyewe. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi. Anaweza kujitolea bila malipo, lakini asiingie kwenye maamuzi ya fedha za kampeni. Mgombea naye afungue akaunti ya benki ya kampeni peke yake na kuteua mweka hazina. Minnesota, kamati lazima iandikishwe ndani ya siku 14 baada ya kukusanya au kutumia zaidi ya dola 750. Kampeni za watu wetu huchafuka hapa: michango inapitia simu ya shemeji, hakuna majina, hakuna anwani, na ripoti haiwezi kuandikwa.

Jambo la hatari kuliko yote huwakuta wasiogombea chochote. Unapochukua leseni ya udereva, katika majimbo mengi fomu au karani huuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Usiye raia, jibu ni hapana, na kisanduku cha "mimi ni raia" usikiguse. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia uraia maisha yote, na kupiga kura ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama karani ndiye aliyekuhimiza. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukiwa tayari umeandikishwa kimakosa, usipige kura, na umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza karatasi yoyote.

Uraia huombwa baada ya miaka 5 ya kadi ya kijani, au 3 ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja. Ukishaupata, milango ya jimbo iko wazi kwa sharti la umri na ukaazi, na katika baadhi ya majimbo miaka kadhaa ya uraia: Bunge la Minnesota wanataka miaka 21, mwaka mmoja jimboni, na miezi sita katika eneo. Urais na umakamu wa rais pekee ndivyo vya aliyezaliwa raia. Na kwa aliyeko Minnesota anayewaza kiti cha mwaka 2028, hesabu ni hii: orodha ya majina ya watakaokuja kwenye kikao cha mtaa iwe imekamilika kabla ya Krismasi ya 2027, kikao ni Februari, fomu mwishoni mwa Mei, mchujo Agosti.