Kamera kubwa nyepesi: pima mkoba wote kabla ya kununua

Vijana wanaonifuata hapa Kigoma wakitaka kuanza kupiga picha kwa kamera kubwa za filamu huniuliza kwanza kuhusu uzito. Wameona mtandaoni kamera za mbao zisizozidi kilo 1.5, wameona pia zile za chuma zinazokaribia kilo 3, na wanataka kuambiwa ni ipi iliyo bora. Mimi huwarudishia maswali mawili: utatumia lenzi zipi, na utaifikishaje kamera mahali pa kupigia picha? Asiyeweza kuyajibu hayo mawili bado hajawa tayari kununua, hata kama fedha anazo.

Kwa wanaoanza kabisa, kamera ninayoizungumzia hutumia filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5, yaani takriban sentimita 10 kwa 12.7. Eneo la kipande kimoja linazidi mara 12 eneo la fremu ya filamu ya milimita 35, na ndiyo sababu picha yake, hata ikikuzwa sana, hubaki inaonyesha nyuzi za nyavu, mishipa ya majani na mikunjo ya uso wa mzee. Kamera yenyewe ni fremu mbili zilizounganishwa kwa mivukuto inayokunjika: ya mbele hushika lenzi, na ya nyuma hushika kioo chenye ukungu ambacho juu yake unaiona picha ikiwa kichwa chini miguu juu. Fremu hizo huweza kupandishwa, kushushwa, kusogezwa pembeni, kuinamishwa na kugeuzwa, na miondoko hiyo ndiyo inayotufanya tuuvumilie usumbufu wote wa kazi hii. Kamera ya Intrepid ya Uingereza ina uzito wa karibu kilo 1.2, zile nyepesi za Chamonix kutoka China zina kama kilo 1.5, Linhof Technika ya Ujerumani na Toyo ya chuma kutoka Japani huzidi kilo 2.5, na kamera nyingi za reli moja, zilizoundwa kwa ajili ya studio, hufika kilo 4 au zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana kubwa ukiisoma kwenye tangazo, lakini hakuna anayebeba kamera peke yake. Holda moja ya filamu huchukua vipande viwili tu na ina uzito wa kati ya gramu 150 na 200, kwa hiyo holda kumi, zinazokupa picha 20, tayari zinaizidi kamera ya kilo 1.2. Ongeza lenzi mbili, mita ya mwanga, kitambaa cheusi cha kujifunikia, lenzi ndogo ya kukuzia picha kwenye kioo, waya wa kufyatulia shata (kilango cha lenzi kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga), maji ya kunywa, na stendi ya miguu mitatu ambayo, pamoja na kichwa chake, haipungui sana kilo 2 hata ikiwa ya nyuzi za kaboni. Mkoba wote utafika kilo 8 hivi. Katika jumla hiyo lenzi zina uwezo wa kukunyang'anya kila gramu uliyoiokoa kwenye kamera. Lenzi ya milimita 300 (milimita zikizidi, vitu vya mbali huonekana vikubwa zaidi) yenye tundu kubwa la f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa), iliyofungwa kwenye shata kubwa ya namba 3, mara nyingi huzidi kilo 1, ilhali Nikkor-M ya milimita 300 yenye tundu la f/9 ina gramu 290 tu. Ni kweli kwamba ile ya f/9 hutoa picha yenye giza zaidi kwenye kioo, lakini sisi hupiga kwa f/22 au f/32, na mwanga ule wa ziada hutusaidia wakati wa kulenga peke yake. Ukinunua kamera nyepesi kisha ukaijazia lenzi nzito, umelipia wepesi ambao hutauona mgongoni.

Mahali ambapo kamera nyepesi hujilipa bila ubishi ni kwenye milima yetu. Hifadhi ya Gombe haifikiki kwa barabara. Watu huenda kwa boti kutoka Kibirizi, na ukishateremka ufukweni, miteremko mikali inaanza hapohapo kutoka usawa wa ziwa, ambao ni kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Anayekwenda kuyapiga picha maporomoko ya Kakombe, au anayepanda kutafuta mahali pa kuyaona mabonde yakishuka ziwani, hubeba kila kitu mwenyewe, kwenye njia nyembamba zenye mizizi na unyevu. Kilo 1.5 zilizopungua hapo zina maana kubwa kuliko raha ya mabega. Mpiga picha aliyechoka huacha kurudi chini ya kitambaa mara ya pili kuhakiki ukali. Huona uvivu kuhamisha stendi hatua tatu kushoto, ingawa anajua kwamba hatua hizo tatu ndizo zilizokuwa zinahitajika. Naye hutosheka na picha ya kwanza. Kwangu mimi, huo ndio utetezi wenye nguvu zaidi wa kamera nyepesi.

Jambo la pili linalonifanya niipende ni kwamba picha za mandhari hazihitaji miondoko mikubwa ambayo kamera nzito hujivunia. Kuna kanuni yenye jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyeiandika katika hataza yake ya mwaka 1904, inayosema kwamba bapa, yaani uso ulionyooka kama wa meza, la kitu unachokipiga picha huwa kali lote iwapo bapa hilo, bapa la lenzi na bapa la filamu yanakutana kwenye mstari mmoja. Chukulia dagaa walioanikwa ufukweni, kuanzia karibu na miguu yako hadi kwenye mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Kamera iko mita 1.5 kutoka ardhini na lenzi ni ya milimita 150. Gawanya 150 kwa 1,500, unapata 0.1, na hiyo ni sine ya pembe ya kuinamisha lenzi, inayokaribia nyuzi 6. Kwa lenzi ya milimita 210 pembe haizidi sana nyuzi 8. Kamera nyepesi yenye kuinamisha fremu ya mbele hutoa nyuzi hizo kwa urahisi. Kumbuka tu kwamba vitu vilivyosimama wima karibu na kamera, kama nguzo au mtu, vitatoka nje ya bapa hilo kadiri vinavyokwenda juu, na hapo utalazimika kufunga tundu hadi f/22 au f/32 ili kuvirudisha kwenye ukali.

Sasa nije kwenye yale ambayo wepesi unayachukua. La kwanza ni urefu wa mivukuto. Baadhi ya kamera nyepesi huishia karibu milimita 300, nyingine hukaribia 400, na tofauti hiyo huamua kazi utakazoziweza. Lenzi ya kawaida ya milimita 300 inahitaji umbali wa milimita 300 kutoka kwenye filamu ili tu kulenga milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ukitaka kumpiga picha mtu aliye mita 2 mbele yako, inahitaji takriban milimita 353. Kwenye kamera ya kwanza picha hiyo haipatikani kabisa. Lenzi ya milimita 210 kwa mtu huyohuyo inahitaji kama milimita 235, na ndiyo sababu mimi huwashauri wanaopenda picha za watu waishie kwenye 210 wakiwa na kamera fupi. Vilevile anayetaka kupiga chikichi kwa ukubwa wake halisi kwa lenzi ya milimita 150 atanyoosha mivukuto hadi milimita 300, na atapaswa kuongeza mwanga mara nne, kwa kuwa mwanga hufifia kadiri lenzi inavyokwenda mbali na filamu.

La pili linahusu majengo. Ukisimama mita 15 kutoka kwenye jengo la stesheni ya Kigoma, lililojengwa enzi za Wajerumani, ukiwa na lenzi ya milimita 90, hupaswi kuelekeza kamera juu, kwa sababu kuta zitaonekana kuegemeana. Unaiacha kamera wima na kupandisha lenzi. Milimita 30 za kupandisha hukuletea mita 5 zaidi za sehemu ya juu. Kamera nyepesi nyingi zinaweza kupandisha kiasi hicho kwenye karatasi ya maelezo. Katika utendaji, lenzi fupi huibana mivukuto mpaka inakuwa ngumu, nayo huivuta fremu irudi chini au kuipinda bila wewe kutambua. Kamera za studio, na baadhi ya zile za safari, hukubali kubadilishiwa mivukuto laini ya mfuko kwa ajili ya lenzi fupi zinazoona eneo pana, lakini baadhi ya zile nyepesi zina mivukuto ya kudumu. Mtu ambaye moyo wake uko kwenye majengo atajisumbua bure na kamera ya namna hiyo.

La tatu, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, ni uthabiti. Unalenga kwa makini, unafunga shata, kisha unasukuma holda ndani ya fremu ya nyuma dhidi ya nguvu ya springi zake. Kwenye kamera ya chuma hakuna kinachotikisika. Kwenye kamera nyepesi, kusukuma huko kunaweza kuisogeza fremu nusu milimita, na kuvuta kifuniko cha holda kunaweza kuisogeza tena, na hutaiona hitilafu hiyo mpaka filamu imesafishwa. Jifunzeni basi kuingiza holda kwa mkono mmoja huku mwingine ukiishika fremu ya nyuma, kukaza kila kibano kabla ya kuifikia holda, na kusubiri sekunde chache kabla ya kufyatua. Lenzi inayozidi kilo 1 msiifunge kabisa kwenye fremu ya mbele ya kamera hizi, kwa kuwa italegea polepole hata vibano vikikazwa.

Upepo nao ni adui wa kweli. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika, na mivukuto iliyonyooshwa huushika upepo huo kama tanga. Saa za jioni, jua linapoelekea kuzama karibu saa moja, mwanga ni mzuri lakini mdogo, na kwa f/32 unaweza kuhitaji sekunde nzima au zaidi. Kamera nyepesi juu ya stendi nyepesi haiwezi kustahimili hali hiyo. Kwa hiyo kilo mliyoipunguza kwenye kamera iwekeni kwenye stendi, msiinyooshe nguzo yake ya katikati, na ning'inizeni mkoba chini yake. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja kizuri tu kati ya kamera na stendi, ninamsihi achague stendi.

Kuhusu mbao na hali ya hewa, hofu nyingi zimekuzwa. Mbao hunyonya unyevu wakati wa masika na skrubu zinaweza kuwa ngumu kuzunguka, lakini mbao za tabaka zilizogandishwa hubadilika kidogo kuliko ubao mmoja, na kamera isiyofungiwa ndani ya mkoba uliolowa hukaa miaka mingi. Kuvu kwenye lenzi ni hatari zaidi, na huyo hachagui kati ya mbao na chuma. Wekeni lenzi mahali pakavu penye hewa, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Upande wa mbao una faida moja ambayo wanunuzi wa nchi nyingine huenda hawaifikirii: hutengenezeka hapahapa. Fundi seremala mzuri anaweza kukuundia ubao wa lenzi kwa plaiwudi nyembamba, ukimpa ubao wa mfano na kumwonyesha kwamba tundu la kufungia shata ya kampuni ya Copal namba 0 ni milimita 34.6, ile ya namba 1 ni milimita 41.6. Kamera ya chuma ikipinda reli yake, sina fundi wa kukupeleka.

Kwa wenzetu wa Tabora ushauri wangu unageuka. Nchi yao ni tambarare. Pikipiki au gari hukufikisha karibu kabisa na unachotaka kukipiga, iwe ni miombo au tembe la Livingstone kule Kwihara, na vitu vingi vyenye thamani ya kumbukumbu ni majengo. Hapo kilo 1.5 za ziada hubebwa na gari, ilhali uthabiti na miondoko mikubwa hutumika kila siku. Mtu wa Tabora akikuta kamera ya chuma iliyotumika, yenye bei inayolingana na nyepesi mpya, sioni sababu ya kuikataa. Apambane zaidi na vumbi la kiangazi: kila holda ikae ndani ya mfuko wake wa plastiki, na filamu zipakiwe usiku, chumbani, baada ya sakafu kupigwa deki.

Anayeanza hapa Kigoma, na ambaye anavutwa na ziwa, milima na watu, anunue nyepesi, na aanze na lenzi moja ya milimita 150 yenye shata ndogo ya namba 0 na holda sita. Kabla ya kulipia iliyotumika, nyoosheni mivukuto yote ndani ya chumba chenye giza na ingizeni tochi ndani yake, mkiangalia kila pembe ya mkunjo, kwa kuwa huko ndiko vitundu huanzia. Kisha kazeni vibano vyote, shikeni fremu ya mbele kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu mkitazama kioo. Picha ikirudi palepale ilipokuwa, kamera hiyo inafaa. Ikibaki imesogea, mwombeni muuzaji awaonyeshe nyingine.