Sabufa na amplifaya kwenye redio orijino ya gari, usikimbilie kununua redio mpya

Mkuu, huyo fundi aliyekwambia redio orijino ya IST haipokei amplifaya kwa sababu nyuma haina matundu ya RCA (yale ya duara ya kuchomeka waya za sauti) hajakwambia yote. Mi natembelea Spacio, redio ni ileile iliyokuja nayo toka Japani, sabufa ya inchi 12 iko kwenye buti na inapiga vizuri tu mwaka wa tatu huu.

Sauti unaichukua kwenye waya za spika za nyuma. Cheki amplifaya yako, nyingi zina soketi ndogo ya plastiki imeandikwa HIGH INPUT, hapo ndo waya za spika zinaingia moja kwa moja. Kama haina, nunua konveta, kile kiboksi kidogo kinachopokea waya za spika huku na kutoa RCA kule.

Sasa hapa naomba usome taratibu maana mimi paliniumiza. Fundi wangu wa kwanza hakutumia konveta, alikata waya ya RCA akaunga ile ya katikati kwenye chanya ya spika na ile ya nje kwenye hasi, afu akachomeka kwenye amplifaya. Redio ilipiga kama dakika mbili hivi ikakata, IC ya sauti (chipu inayokuza sauti ndani ya redio) imeungua. Sababu ni kwamba redio hizi hasi ya spika SIO bodi (chuma cha gari), ukiwasha redio ukapima kwa mita utakuta waya zote mbili za spika zina kama volti 6 kila moja, kwahiyo ukiigusisha hasi na bodi, hata kwa kupitia RCA (ile ya nje inafika kwenye bodi kupitia amplifaya), umepiga shoti redio yako mwenyewe. Mwambie fundi kabla hajashika koleo, na akikubishia mpe mita apime mbele yako.

Umeme wa amplifaya toa kwenye betri yenyewe, usichukue kwenye waya wa redio. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu waya ukichunika ukagusa bodi njiani bila fyuzi gari inawaka moto kweli. Waya wa shaba geji 8 unatosha amplifaya ya wati 300 za RMS (nguvu halisi inayotoa mfululizo). Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, ukwangue na kisu, ukiona weupe ndani uache. Hasi ya amplifaya funga kwenye bodi palepale kwenye buti ila kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Waya wa umeme pitisha upande mmoja wa gari na za sauti upande mwingine, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka na resi.

Waya wa rimoti nao (ule unaoiambia amplifaya iwake), mi walinipa ule wa antena, sabufa ikawa inapiga kwenye FM tu, ukiweka CD kimya! Tulihamishia kwenye ACC (waya unaopata umeme ukizungusha ufunguo) ikaisha.

Mwisho kwenye kuseti, LPF ya amplifaya (kichujio kinachopitisha besi tu) weka 80 Hz, besi ya redio weka sifuri, fungua sauti ya redio robo tatu ndo upandishe gain (kile kitufe cha amplifaya cha kulinganisha sauti inayotoka kwenye redio) polepole kutoka chini, mdundo ukianza kukwaruza rudisha kidogo uache hapo.

Amplifaya yako ni ya wati ngapi RMS? Sio zile namba kubwa za kwenye boksi, angalia kitabu chake, ukinitajia nikwambie fyuzi ya kununua.