SKS kama bunduki ya kwanza: kagua pini na mtutu kabla ya bei

Mkuu, umesema kibali unacho, unataka ya kulengea shabaha tu, na unasita kati ya SKS ya zamani, bunduki ya kijeshi ya Kisovieti inayojipakia yenyewe, na AR-15 mpya, bunduki ya Kimarekani inayojipakia vilevile. Mimi SKS ninayo miaka mingi na AR-15 nimeitumia vya kutosha.

Kama una hamu ya kufunga darubini, kubadili kitako na kupata vipuri bila shida, nunua AR-15. SKS haikuundwa kwa hayo. Simonov, mbunifu wa silaha, aliibuni kwa askari wa miguu wa Kisovieti: magazini haitoki, inabeba risasi 10, unaijaza kwa juu kwa klipu (kibanio chembamba kinachoshika risasi kwa safu), na inakula risasi ya 7.62x39 ileile ya AK. Ikiwa tupu ina karibu kilo 3.8, na uzito huo ndio unaolionea bega huruma. Wanaoilazimisha magazini ya kuchomoa ya risasi 30 huishia kuhangaika na risasi zinazokwama, halafu lawama wanaitupia bunduki. Iache ilivyotoka kiwandani.

Ukienda kuikagua, hakikisha kwanza haina risasi, kwa macho na kwa kidole. Kisha mulika ndani ya mtutu. Mifereji ya kuzungusha risasi iwe na kingo zinazoonekana, isiwe na vishimo vya kutu. SKS zilizoundwa China nyingi zimepakwa kromu ndani, zilizoundwa Yugoslavia hazina, kwa hiyo hizo ziangalie mara mbili.

Sasa pini, ile inayogonga risasi ili iwake, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Pini ya SKS nyingi haina springi, inaelea tu ndani ya boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Bunduki zilizokaa ghalani hupakwa grisi nzito ya kahawia ya kuzuia kutu, na ikigandia kwenye tundu la pini, pini hunasa ikiwa imechomoza mbele. Boliti ikijifunga, pini inagonga kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, na risasi inatoka bila kidole kugusa triga. Huweza kufululiza hadi magazini iishe. Kwa hiyo toa boliti, ishike karibu na sikio, itikise. Lazima usikie pini ikigonga mbele na nyuma, ka-ka-ka, bila kusita. Usiposikia, usifyatue hata moja. Ifungue, iloweke kwenye mafuta ya taa, sugua tundu mpaka kitambaa kitoke cheupe, ikaushe kabisa, na tundu hilo usilijaze mafuta tena. Siku ya kwanza uwanjani weka risasi moja, halafu mbili, mtutu ukielekea shabaha muda wote. Mimi hutikisa boliti kila nisafishapo, mpaka leo.

Risasi za zamani za jeshi ni za bei nafuu lakini viwashio vyake vingi huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiyeyusha. Siku hiyohiyo pitisha maji ya moto kwenye mtutu, bomba la gesi na pistoni, kausha, ndipo upake mafuta. Ukilala bila kufanya hivyo, unaweza kuamkia kutu.

Kuhusu sheria, soma kibali chako neno kwa neno. Australia ilizipiga marufuku nyingi za nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia zenyewe, mwaka 1996, New Zealand mwaka 2019, na kwingine hata singe iliyokunjwa chini ya mtutu ina kanuni zake. Nyumbani iwe ndani ya kabati la chuma lililofungwa, risasi zikae kwenye kufuli nyingine, na funguo zisijulikane na watoto. Kama hilo kabati huna pesa yake bado, ahirisha bunduki.

Jambo la mwisho: ukiangukia M59/66 ya Yugoslavia, ile yenye mdomo wa kurushia guruneti, ina vali ya kufunga gesi inayojipakilisha bunduki. Ikifyatua moja na kukataa kujipakia nyingine, hiyo vali ndiyo ya kuangalia kwanza, kabla hujamlaumu aliyekuuzia.