Uanze na maneno mangapi ya Kiingereza

Ndugu yangu, umeuliza kama ukariri kamusi nzima kabla hujaanza kuongea Kiingereza. Hapana, usijitese hivyo. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Ogden alitoa orodha ya maneno 850 ya kuanzia, na mwaka 1953 Michael West akatoa yake ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Mimi ningeshika hiyo ya West, maana ya Ogden imebana mno kwenye vitenzi.

Nguvu zako ziweke kwenye vitenzi vidogo: get, take, put, go, make. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu kila kimoja hugeuka kikifuatwa na kijineno kingine. "Put on" ni kuvaa, "put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia! Kwa hiyo usiandike "put" peke yake daftarini. Andika sentensi nzima unayoweza kuitumia leo hii, kama "I put on my shoes", uisome kwa sauti.

Majina ya vitu hayana shida sana. Maneno kama "shirt", "bank" na "hospital" tayari unayo kwenye Kiswahili: shati, benki na hospitali.

Unafanya kazi gani? Ukisema, nitakutajia maneno ya kazini ya kuanza nayo.