Maswali ya Wasomaji: Je, Elizabeth alikosea kumkataa Darcy?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hivi karibuni nilitazama filamu ya Pride & Prejudice ya mwaka 2005 pamoja na mjomba wangu hapa Jinja. Tulipofika pale Elizabeth Bennet anapomkataa Bwana Darcy huku mvua ikinyesha, mjomba alisema kwamba msichana huyo ameipiga teke bahati yake, na kwamba huo ni ukaidi mtupu. Mimi niliona amefanya vyema, lakini sikuwa na la kumjibu. Naomba unisaidie. Tena, mbona mavazi yao hayafanani na yale ya filamu nyingine zilizotokana na riwaya za Jane Austen?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, binti. Mjomba wako ana hoja nzito kuliko unavyodhani, na ukitaka kumjibu vizuri anza kwa kukubaliana naye kuhusu fedha. Filamu hiyo imeibana riwaya ya sura 61 katika muda wa saa mbili na dakika chache, na kwa maoni yangu kilichoumia zaidi katika kubanwa huko ni hesabu za mali, ambazo Austen aliziweka wazi tangu kurasa za mwanzo.

Katika kitabu, kilichochapishwa mwaka 1813, tunaambiwa kwamba Bwana Bennet, baba yake Elizabeth, hupata pauni 2,000 kwa mwaka, Bingley, rafiki yake Darcy, 4,000 au 5,000, na Darcy 10,000. Shamba la Longbourn, ambalo ndilo chanzo cha kipato cha Bennet, limefungwa kwa masharti ya urithi yanayotaka liende kwa mwanamume, na kwa kuwa yeye ana mabinti watano bila mtoto wa kiume, siku atakapofumba macho litachukuliwa na jamaa yake, mchungaji Collins, ambaye ataweza kuwatoa mjane na mabinti katika nyumba hiyo wakati wowote apendao. Fungu la Elizabeth mwenyewe ni pauni 1,000, nazo hatazipata mpaka mama yake afariki. Collins anamkumbusha jambo hilo waziwazi katika sura ya 19, katikati ya maneno ya posa, na baada ya kukataliwa anamwonya kwamba huenda asiposwe tena na mtu mwingine.

Sisi Waganda tunaelewa uzito wa mambo haya bila kuelezwa sana. Sheria yetu ya Urithi nayo ilimpendelea mwanamume kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu kadhaa vyake mwaka 2007, kisha Bunge likaifanyia marekebisho mwaka 2022. Linaloweza kutupotosha ni mahari. Kwetu bwana harusi ndiye anayekwenda ukweni na zawadi siku ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, ilhali katika tabaka lile la Uingereza msichana alitarajiwa kuingia katika ndoa na fedha zake, na ndiyo maana Wickham, ofisa kijana wa jeshi katika hadithi hii, alijaribu kumtorosha Georgiana, dada yake Darcy, mwenye pauni 30,000. Darcy anapomposa msichana wa pauni 1,000 anajua kwamba jamii yake itamshangaa, na kosa lake kubwa ni kulisema hilo mbele ya msichana mwenyewe, kana kwamba anastahili kushukuriwa kwa kujishusha.

Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba Elizabeth aliijua bei ya jibu lake. Alikuwa amekwisha kumkataa Collins, yaani alikwisha kukataa njia ya kuibakiza Longbourn mikononi mwa familia yake. Mtazameni tena Charlotte Lucas, rafiki yake, anapokuja kumweleza kwamba yeye amekubali kuolewa na Collins huyohuyo. Elizabeth yuko kwenye bembea, anashangaa, na Charlotte anamjibu kwa uchungu kwamba ana miaka 27, hana fedha wala matarajio, amekuwa mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Hapo ndipo filamu inapoisema hofu ya fedha kwa sauti kamili, na mimi naihesabu miongoni mwa sehemu zake bora. Anayeikumbuka hofu ya Charlotte ataona kwamba Elizabeth anapomkataa mtu wa pauni 10,000, kwa sababu mtu huyo amemdharau na amemtenganisha Jane, dada yake Elizabeth, na Bingley, hafanyi hivyo kwa kutojua njaa ni nini.

Mvua yenyewe ni ya filamu. Katika sura ya 34 posa hiyo inafanyika ndani, nyumbani kwa Collins, na ukali wake wote umo katika maneno. Mwongozaji Joe Wright aliitoa nje, na sioni kwamba alikosea, kwa maana filamu husimulia kwa mwili. Utakumbuka Darcy anapomshika Elizabeth mkono kumpandisha garini, kisha anageuka na vidole vyake vinakunjuka kana kwamba vimeungua. Ninachosikitikia ni barua ambayo Darcy anamwandikia Elizabeth baada ya kukataliwa. Katika sura ya 36 Elizabeth anaisoma na kuirudia, neno kwa neno, akizunguka njiani kwa saa mbili, mpaka anaona aibu kwa jinsi alivyomhukumu Darcy. Filamu inaipitia haraka mno, na mtazamaji anaweza kudhani kwamba moyo wake ulibadilishwa na uzuri wa Pemberley, jumba la Darcy. Ikiwa utapata nafasi ya kusoma sura chache tu, soma ya 34 hadi ya 36, na ikiwezekana umsomee mjomba.

Kuhusu mavazi, filamu nyingi za aina hii huwavisha wanawake magauni yenye kiuno cha juu, chini kidogo ya kifua, kama ilivyokuwa mtindo mwanzoni mwa karne ya 19. Wright aliirudisha hadithi nyuma hadi miaka ya mwisho ya karne ya 18, wakati Austen alipoandika rasimu ya kwanza, na ndiyo sababu viuno vya akina Bennet vimeshuka. Mtazame Caroline, dada yake Bingley: yeye anavaa mtindo mpya, kwa kuwa ana fedha na anatoka London.